Tanki la Choo cha RV Linataka Maji

Kiangazi kikikaribia, maswali ya kukodi RV, yaani gari lenye makazi ndani, huanza kwenye magrupu yetu ya WhatsApp: bei, leseni, bima. La choo huulizwa mwisho, tena kwa faragha.

Chini ya RV huwa kuna matanki matatu. Moja ni la maji safi. La pili hupokea maji ya sinki na bafu, yanayoitwa maji ya kijivu. La tatu ni la choo, la maji meusi, na mara nyingi hubeba lita 100 hadi 150. Dar shimo likijaa unaita gari la kunyonya; huku Marekani, kwenye RV, shimo ndilo linalosafiri, na dereva wake ni wewe.

Kumwaga kwenyewe, kwenye kituo cha kumwagia majitaka, si kazi kubwa. Vaa glavu, unganisha mpira mnene, fungua kwanza valvu ya maji meusi. Yakiisha, fungua ya kijivu ili maji ya sabuni yausuuze mpira. Bomba lililopo hapo kituoni ni la kusuuzia tu. Mpira wako wa maji ya kunywa usikaribie.

Tabu hasa ni harufu na kuziba, na chanzo chake karibu kila mara ni ubahili wa maji. Choo cha RV hushusha maji kidogo sana, na mtu aliyekulia kwenye maji ya ndoo atazidi kuyabana. Kinyesi na karatasi visipolowa havivunjiki, hung'ang'ania sakafu ya tanki. Ndiyo maana baada ya kumwaga unarudishia ndoo moja au mbili za maji kabla choo hakijatumika tena.

Mtego mkubwa uko kwenye kambi zenye bomba la majitaka pale pale unapoegesha. Katika hifadhi nzima ya Yellowstone, ni kambi ya Fishing Bridge pekee yenye huduma hiyo kamili. Ukishaunganisha, unashawishika kuiacha valvu wazi kama choo cha nyumbani. Maji yatakwenda zake, kinyesi kitabaki na kukauka kuwa kichuguu chini ya choo, na kukibomoa ni shughuli nyingine kabisa. Ifunge mpaka tanki lifike theluthi mbili, kisha uifungue kwa mkupuo. Wingi wa maji ndio unaoondoka na uchafu.

Dawa za tanki? Wengi huzimwaga kama dua. Zile zenye fomaldehaidi huua bakteria na kupunguza harufu, lakini vituo vingi vya mashambani humwaga kwenye mashimo yanayotegemea bakteria hao hao. Mimi ningenunua ya vimeng'enya, na maji zaidi. Kabla ya kukanyaga pedali ya choo, zima feni ya dari: ikiwa inavuta hewa nje, itavuta na harufu ya tanki hadi ndani.

Pa kumwaga hapakosekani. Jimbo la Washington huwatoza wenye RV ada ndogo kwenye usajili kwa ajili ya vituo vilivyo kwenye maeneo ya kupumzikia barabarani. Kwingine utalipia kwenye vituo vya malori.

Taa zinazoonyesha ujazo usizitegemee sana. Kipande cha karatasi kikinasa kwenye kihisio, tanki tupu litasoma limejaa. Mulika tochi kupitia tundu la choo uone mwenyewe.