Uhalisia na Dira katika Kuwapima Wagombea wa Umeya: Funzo kutoka Kampala

Utangulizi

Katika chaguzi za miji, wagombea wa umeya aghalabu huelezwa kwa sura mbili. Wa kwanza ni mtendaji anayeahidi kuziba mashimo ya barabarani, kuzoa taka na kukusanya kodi. Wa pili ni mwenye dira, anayeuchora mji wa miaka ishirini ijayo. Makala haya yanadai kwamba kumtaka mpiga kura achague baina ya sifa hizo ni kumpotosha. Kinachopaswa kupimwa ni uwezo wa mgombea kuiunganisha dira na hatua ya kwanza inayotekelezeka. Hoja hiyo inafafanuliwa kwa mfano wa Kampala.

Ofisi kabla ya mgombea

Sheria ya Mamlaka ya Jiji la Kampala ya mwaka 2010 iliuweka mji mkuu wa Uganda chini ya serikali kuu. Meya Mkuu huchaguliwa na wananchi. Mkurugenzi Mtendaji huteuliwa na Rais, naye ndiye afisa masuuli. Athari za mgawanyo huo zilidhihirika mapema. Chini ya mkurugenzi wa kwanza, Jennifer Musisi, aliyehudumu kuanzia 2011 hadi 2018, mapato ya ndani ya jiji yaliongezeka zaidi ya maradufu na barabara nyingi zilikarabatiwa, lakini wachuuzi waliondolewa mitaani. Meya Mkuu Erias Lukwago, aliyechaguliwa mwaka 2011, aliwatetea wachuuzi hao. Novemba 2013 madiwani walipiga kura ya kumwondoa madarakani. Mwaka 2016 wapiga kura walimrejesha kwa wingi mkubwa. Hivyo, utekelezaji ulikosa ridhaa ya wananchi, na aliyekuwa na ridhaa hakuwa na fungu. Katika mazingira hayo, dira ya mgombea haiwezi kupimwa pasipo kuuliza ni nani atakayeidhinisha matumizi yake.

Gharama ya kutenganisha

Jaa la taka la Kiteezi, lililoko wilayani Wakiso, nje ya mipaka ya jiji, lilianza kutumika mwaka 1996. Kwa miaka mingi ilifahamika kuwa limejaa, na ardhi mbadala ilikwisha kupatikana Ddundu, wilayani Mukono. Hata hivyo, malori yaliendelea kumwaga taka Kiteezi. Tarehe 10 Agosti 2024 jaa liliporomoka na kuua zaidi ya watu 30. Hapa dira ilikuwapo, na kazi ya kila siku ya kuzoa taka iliendelea. Kilichokosekana ni hatua ya kutoka kwenye moja kwenda kwenye nyingine.

Hitimisho

Kutokana na mfano huu, kila mgombea aulizwe maswali matatu. Je, ahadi yake imo ndani ya mamlaka ya ofisi anayoiomba, na kama haimo, atashirikiana na nani? Ni kifungu gani cha bajeti ya mwaka wa kwanza kitakachoianzisha? Ni nani atakayebeba gharama zake, na amehusishwa vipi? Kwa upande wa washauri wa sera, ni budi waipitie sheria inayomtaka meya awajibike kwa mambo asiyoyamiliki. Pasipo marekebisho hayo, hata mgombea aliyejibu maswali yote matatu atashindwa kutimiza alichoahidi.