Kuunda vijimeli uzeeni si utoto

Tangu umri wa kustaafu wa watumishi wa umma ulipopandishwa kutoka miaka 55 hadi 60 mnamo mwaka wa 2009, semina za kuwaandaa wafanyakazi kwa maisha ya ustaafu zimezidi kuwa nyingi humu nchini. Mimi nilihudhuria mbili kabla ya kuiaga chaki. Katika zote tulisomeshwa habari za kuku wa mayai, nyumba za kupangisha, bima na wasia. Ni mambo ya maana, wala siyabezi. Lakini hapana hata mmoja aliyetuuliza mikono yetu itashika nini saa nne asubuhi ya siku ya Jumanne, wakati kuku wameshalishwa na wajukuu wako shuleni.

Swali hilo si dogo. Mwalimu aliyeongozwa na kengele kwa muda wa miaka thelathini na mitano huishi kwa kengele hiyo hata katika ndoto. Siku inaponyamaza, aghalabu hunyamaza naye. Ninao wenzangu walioupata mfuko wa kiinua mgongo wote na bado wakanyauka mithili ya mche uliong'olewa. Chakula hawakukikosa. Walichokikosa ni jambo gumu la kulifikiria.

Mimi nilijichagulia vijimeli. Naunda meli ndogo zinazokwenda kwa mvuke halisi, na kila nipatapo nafasi nakusanya yoti za zamani za mfano, zile za tanga na mlingoti. Majirani walisema Mwalimu amerudi utotoni. Nawajibu kupitia safu hii, maadamu mlangoni pangu hawakutaka kuketi kitako wanisikilize.

Huko Uingereza, ambako mambo haya yamekita mizizi, hakuna acheshwaye na mzee mwenye mvi akifuata mashua ya urefu wa mkono kandokando ya kidimbwi. Katika bustani ya Kensington mjini London lipo bwawa liitwalo Round Pond ambalo limeelea yoti za mfano tangu karne ya 19. W. J. Bassett-Lowke wa Northampton alianza kuuza vifaa vya treni na meli ndogo mwaka wa 1899, na baada yake Stuart Turner akawauzia mafundi wa nyumbani vipande vya chuma na shaba vilivyosubiwa tu, visivyochongwa, ili kila mtu aikereze injini yake mwenyewe. Injini yao moja mashuhuri, 10V, ina silinda yenye kipenyo cha robo tatu ya inchi. Ni ndogo, lakini ina pistoni, vali na gurudumu zito kama ilivyokuwa katika meli kubwa.

Anayetaka kuanza na asiyekuwa na fedha asiogope. Ipo mashua ya mvuke isiyokuwa na pistoni wala gurudumu, ambayo Thomas Piot aliipatia hataza huko Uingereza mwaka wa 1891. Ni kijisanduku cha bati jembamba chenye mirija miwili inayotokea tezi, chini ya maji. Unajaza maji, unawasha mshumaa chini ya kijisanduku, na mashua inaondoka huku ikipiga kelele pu-pu-pu-pu. Maji yanapochemka, mvuke huyasukuma yaliyomo mirijani yatoke nyuma. Mvuke ukigusa mirija iliyo baridi hugeuka maji tena, nafasi hubaki tupu, na maji ya nje huvutwa ndani. Kisha mzunguko huanza upya.

Hapo mwanafunzi mwerevu atauliza: ikiwa maji hutoka na kuingia kwa kiasi kilekile, mbona mashua haibaki palepale ikitikisika? Mwalimu asimjibu haraka. Ampe mshumaa, amwambie auzime kwa kuupuliza, kisha ajaribu kuuzima kwa kuvuta pumzi. Pumzi inayotoka huenda upande mmoja kama mkuki, ilhali inayoingia hutoka pande zote. Maji ya mashua ile nayo ni vivyo hivyo. Nimefundisha fizikia kwa miaka mingi kwa ubao na chaki, na ninakiri kwamba mshumaa huo na bati lile hufanya kazi ya vipindi vitatu.

Boila la kweli ni jambo jingine, nalo halitaki mzaha. Maji yakigeuka mvuke katika hali ya kawaida hupanuka zaidi ya mara 1,600. Boila langu ni la shaba nyekundu, limeungwa kwa lehemu ya fedha ambayo huyeyuka katika joto linalozidi nyuzi 600 za Selsiasi. Ile lehemu laini ya mafundi wa redio haifai hapo hata kidogo. Kabla ya kulitia moto hata mara moja, hujazwa maji baridi pomoni na kushindiliwa kwa pampu hadi shinikizo lifike maradufu ya lile litakalotumika. Hutumika maji, si hewa, kwa sababu maji hayabonyei. Boila likipasuka litavuja tu, lisimrukie mtu usoni. Baada ya hapo ndipo vali ya usalama hufungwa juu yake. Mtu asiyekuwa na subira ya kufanya hayo, heri afuge kuku.

Kipo kijisehemu kimoja katika injini hizi kinachonifurahisha kuliko vyote: kikopo cha mafuta. Hakina pampu wala chemchemi. Mvuke kidogo huingia ndani yake, ukapoa, ukawa tone la maji. Kwa kuwa maji ni mazito kuliko mafuta, tone huzama chini na kuyainua mafuta, nayo humwagika kidogo kidogo kwenye njia ya mvuke hadi kwenye silinda. Jioni unafungua kikopo, unayamwaga maji na kutia mafuta mapya. Aliyekibuni alikuwa mvivu wa aina bora kabisa.

Wapo watakaosema kwamba hizi ni anasa za Wazungu. Nawauliza: mji wa Kisumu uliletewa meli zake vipi? Reli ilifika ziwani Desemba mwaka wa 1901, lakini SS William Mackinnon ilikuwa imekwisha kutiwa majini mwaka wa 1900, nayo ilikuja kutoka Uskochi ikiwa vipande vipande, vingine vikibebwa na wapagazi. Zikafuata Winifred mwaka wa 1902 na Sybil mwaka wa 1903, kisha nyingine, hadi Usoga na Rusinga za miaka ya 1913 na 1914. Desturi ilikuwa kuiunganisha meli kwa parafujo huko ilikoundwa, kila bamba likatiwa alama, kisha ikafunguliwa, ikapakiwa, na kupigwa ribiti upya kwenye ufuo wa Nyanza. Kule Kigoma vivyo hivyo: meli iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka wa 1913 ilifika ndani ya makasha, ikatiwa majini mwaka wa 1915, ikazamishwa na wenyewe mwaka wa 1916 injini zake zikiwa zimepakwa grisi, ikaopolewa mwaka wa 1924, na kuanzia mwaka wa 1927 ikaitwa Liemba. Waliozigonga ribiti meli hizi na kuzitia makaa walikuwa babu zetu. Nikishika nyundo yangu ndogo sioni kwamba nimeazima utamaduni wa mtu.

Yoti za tanga zina elimu yake, tena ni ngumu kuliko ya mvuke. Tuseme una mashua ya urefu wa mita 10, ukaunda mfano wake wa mita 1. Eneo la tanga limepungua mara 100, na uzito umepungua mara 1,000. Upepo je? Upepo haukupungua, ni uleule wa kusi au kaskazi uvumao juu ya mashua kubwa. Ukipiga hesabu utaona kwamba nguvu ya kukilaza chombo imepungua mara 1,000, na ile ya kukiinua imepungua mara 10,000. Kwa hiyo mfano ulio sahihi kwa macho utapinduka mara kumi kwa urahisi zaidi. Ndiyo maana yoti za mfano hupewa mkuku mrefu kupita kiasi, wenye farumi ya risasi mwishoni, ambayo aghalabu huzidi nusu ya uzito wote wa chombo. William Froude aliyejenga hodhi la kupimia vielelezo vya meli huko Torquay miaka ya mwanzo ya 1870 alitambua kwamba kidogo si kikubwa kilichopunguzwa tu. Kina kanuni zake.

Ninayo yoti moja ya aina ya Marblehead, niliyoinunua mnadani Nairobi ikiwa imepasuka ubavu. Aina hii ilipata jina lake kutokana na mji ulioko Massachusetts, Marekani, katika miaka ya 1930, na sheria yake ni fupi ajabu: urefu wa inchi 50, tanga la inchi za mraba 800. Mengine ni akili ya fundi. Zama zile hapakuwa na redio ya kuiongoza. Juu ya tezi pana kibawa chepesi kinachogeuzwa na upepo, nacho kimeungwa na usukani. Mashua ikipotoka, kibawa huirejesha. Mwenyewe huitegea tanga na demani, akaisukuma kutoka ukingoni, na baada ya hapo hana amri nayo. Mwendo wake wa juu kabisa katika maji ni kama kilomita 5 kwa saa, yaani hatua za mtu anayetembea. Ndipo utakapoelewa kwa nini wastaafu waliupenda mchezo huu: chombo na mwenyewe huenda sambamba hadi ng'ambo.

Natumia bwawa la samaki la jirani, kwani ziwani gugumaji limekuwa mwenye nyumba.

Kukusanya vyombo hivi vikuukuu kuna uzito ambao watu hawauoni. Mtepe wa pwani yetu, chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi pasipo msumari hata mmoja na kusukumwa na tanga la miyaa, ulitoweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Hausafiri tena. Wataalamu waliotaka kujua mbao zake zilishonwa vipi iliwabidi wategemee picha chache na mitepe midogo iliyohifadhiwa katika majumba ya makumbusho. Kuna mtepe mkubwa ulioundwa upya Zanzibar na kuwekwa katika Beit al-Ajaib, na Desemba ya mwaka wa 2020 sehemu ya jumba lenyewe ikaporomoka. Lau wazee waliochonga vile vidogo wangaliona haya kuitwa watoto, tungalibaki na jina tu.

Mtaala mpya umeleta masomo ya awali ya kiufundi katika sekondari ya chini, na walimu wengi wananiambia hawana vifaa wala karakana. Karakana zilizojengwa kwa jasho la wazazi mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985 zimegeuzwa stoo za madawati mabovu. Kando ya shule hizo wanaishi mafundi na walimu wastaafu wenye tupa, jiliwa na saa nyingi za bure. Sijaona ni kwa nini mwalimu mkuu asimwalike mmoja wao Ijumaa alasiri, na sijaona ni kwa nini mstaafu asubiri kualikwa.

Mimi nimeanza kujitayarisha kwa siku nitakapoviacha. Ndani ya kila chombo, chini ya sitaha, nimebandika karatasi yenye jina la aliyekiunda, mwaka, mbao alizotumia na namna ya kukirekebisha, ili asije mtu akakitia jikoni kuchemshia chai ya matanga yangu. Vitatu vimekamilika. Cha nne ni dau la urefu wa mkono lililotoka Matondoni, Lamu, lenye omo iliyosimama wima. Aliyeniuzia alisema liliundwa na babu yake, lakini jina la babu huyo halikumjia. Ameahidi kumwuliza shangazi yake, na karatasi yake ningali nimeiacha wazi.