Kitambaa cha Kufutia Vioo na Maji ya Tanganyika

Mkazi wa Ujiji afutapo dirisha kwa ndani, akitumia maji ya ziwa na sabuni ya mche, huona kioo kikikauka na ukungu mweupe. Hukilaumu kitambaa. Kikiwa ni kile cha nyuzi laini kinachosifiwa kuwa hufuliwa na kutumika tena na tena, hudhani ametapeliwa. Kosa limo katika maji.

Maji ya Tanganyika hunyweka, lakini yamebeba madini. Mto Ruzizi huyaleta kutoka Ziwa Kivu, penye volkano. Na kwa kuwa maji mengi ya ziwa huondoka kwa kugeuka mvuke, machache tu yakitoka kwa Mto Lukuga, madini hubaki. Kila lita ina magnesiamu ipatayo miligramu 40. Darasani tone la maji ya ziwa na tone la maji ya mvua yakaushwe juu ya kipande cha kioo: la ziwa litaacha alama nyeupe.

Sabuni ya mche ikikutana na magnesiamu hufanya utando usioyeyuka. Utando huo ndio unaoharibu kitambaa pia. Nyuzi zake ni za poliesta na nailoni, nyembamba kuliko unywele, zilizopasuliwa hata zikawa na kingo. Kingo hukwangua mafuta na masizi ya koroboi; mianya hunyonya maji kama utambi unyonyavyo mafuta ya taa. Mianya ikiziba, kitambaa hueneza uchafu badala ya kuuchukua, nacho hutupwa kingali kizima.

Basi kifuliwe kwa sabuni ya unga, isiyofanya utando huo, kisuuzwe kwa maji ya mvua. Kilichoziba kilowekwe kwanza katika siki iliyozimuliwa. Kisifuliwe pamoja na nguo za pamba, maana hunasa manyoya yake, wala kisichemshwe. Kabla ya kufuta, mchanga uondolewe kwa brashi, kwani hukichora kioo.

Nyuzi hizi ni plastiki, na kila kifuliwapo baadhi hukatika. Maji ya kufulia yasimwagwe ziwani, ambamo maji hukaa kwa mamia ya miaka, bali ardhini mbali na ufuko. Asiyetaka taabu hiyo achukue kanga kuukuu na maji ya mvua. Kioo kitang'aa karibu sawa.