KITABU CHANGU KILIPOFUNGIA KARANGA!

Msomaji, umewahi kununua karanga ukakuta zimefungwa kwenye ukurasa wa kitabu ulichokiandika mwenyewe? Mimi yamenikuta, tena hapa hapa Ngokolo, Shinyanga, hatua chache tu kutoka ninapolala. Karanga zenyewe za mia tano, ukurasa wa sura ya tatu, pale mpelelezi anapogonga mlango wa marehemu. Sikuzila.

Ngoja nianzie mwanzo.

Hadithi ile niliiandika miaka miwili, usiku, baada ya kutoka kibaruani. Ilipokwisha, washikaji wa kijiweni wakanishauri niipeleke kwa wachapishaji wa Dar halafu nitulie nisubiri. Nikamkumbuka mzee Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Alimaliza kuandika habari za Bwana Myombekere kwa Kikerewe mwaka 1945, kitabu cha Kiswahili kikatoka 1980, na 1981 mzee akafariki. Miaka 35! Subira ninayo, lakini siyo ya kiasi hicho.

Halafu mbona wengine walijitegemea? Elvis Musiba, baba yake Willy Gamba, alitoa vitabu kwa kampuni yake mwenyewe, Continental Publishers. Ben Mtobwa, aliyefariki mwaka 2008, naye alianzisha Heko Publishers, na Joram Kiango wake akasomwa hadi vijijini. Nikasema kama ni hivyo, na mimi nimo!

Nikachukua namba ya ISBN kwa Bodi ya Huduma za Maktaba, nikachapisha nakala 500 kwa shilingi milioni moja. Akiba yangu haikufika. Mke wangu akaitazama cherehani yake, akanitazama mimi, kisha akasema, "Baba watoto, kaiweke bondi. Ila irudi."

Kasheshe likaanzia hapo. Mimi nilidhani kitabu kikishatoka kinajiuza chenyewe. Nikagawa nakala 90 kwa mali kauli kwenye maduka matatu ya madaftari, 30 kila duka, nikarudi nyumbani kungoja mshiko. Miezi mitatu baadaye nikapita kukusanya. Wa kwanza alikuwa ameziuza zote, ila pesa ameiingiza kwenye mzigo wa kalamu, "njoo wiki ijayo". Wa pili mvua ilinyeshea boksi, akaligawa kwa wauza karanga. Wa tatu kahama mji!

Nyumbani maboksi yamejaa chini ya kitanda, na pale ilipokuwa cherehani kuna kigoda kitupu. Mke wangu hakusema neno. Afadhali angesema.

Siku moja nikaitwa Geita kwenye msiba wa ndugu. Nikabeba nakala 40, basi tu. Baada ya matanga, binamu yangu mchimbaji akanipeleka kwenye karasha, ambako mawe yenye dhahabu yanasagwa. Pale watu wanangoja zamu masaa na masaa, hawana la kufanya zaidi ya kupiga soga. Nikaamkia, "Mwangaluka!", nikatoa kitabu, nikaanza kusoma kwa sauti. Nilipofika mlango wa marehemu, nikafunga kitabu.

"We bwana, ndani kuna nani?"

"Elfu nne," nikajibu.

Wakacheka, lakini mifuko ikafunguka. Hadi kesho yake saa sita nakala 40 zimekwisha, Sh 160,000 taslimu mkononi. Mzee mmoja asiyejua kusoma alinunua pia, akasema mjukuu wake atamsomea.

Tangu siku ile nimegeuka machinga wa hadithi. Stendi, mnadani, saluni, popote watu wanapongoja, mimi nipo. Nimeuza 310. Nimebakiwa na nakala 100.

Kwa hiyo wewe unayeandika usiku kwenye daftari, sikia la mwenzio. Kuandika ni nusu ya safari. Kabla hujapiga chapa, jiulize nani atanunua na utamkuta wapi akiwa hana haraka. Chapisha kidogo kwanza. Mali kauli mpe unayemjua hadi kwao, tena muandikishane. Na usione haya kusimama mbele za watu ukasoma, kwani haya haijawahi kulipa deni la mtu.

Cherehani? Imerudi wiki iliyopita. Ninapoandika haya inanguruma chumba cha pili, na mwenyewe ananiuliza sehemu ya pili inatoka lini!