Maji Yakiingia Selo

Mafuriko yakivamia mtaa, watu hukimbilia juu: paa, mwembe, kilima cha jirani. Aliye selo hana uamuzi huo. Anao mwenye ufunguo.

Agosti 29, 2005, Kimbunga Katrina kilipoipiga New Orleans, Marekani, kuta za mifereji zilibomoka na maji yakalijaza jiji. Siku moja kabla, wakazi walikuwa wameamriwa kuhama. Hata makao ya wanyama yalikuwa yamekwisha kusafirisha mbwa na paka wake 263. Lakini wafungwa na mahabusu zaidi ya 6,000 wa gereza la Orleans Parish walibaki, kwa kuwa mkuu wake, Marlin Gusman, alitangaza kwamba hawatatolewa. Wengi walikuwa hawajahukumiwa. Jenereta zilizimika, na katika selo za chini maji machafu yakawafika watu kifuani. Zilipita siku kadhaa kabla ya wote kutolewa kwa boti na kupelekwa kwenye daraja la barabara ya Broad, wakingoja mabasi ya magereza mengine.

Maji hayo huwa yamechanganyika na maji ya vyoo. Baada ya Katrina wataalamu walihesabu, miongoni mwa waathirika kwa jumla, wagonjwa 22 wa bakteria wa jamii ya Vibrio, ndugu wa wale wa kipindupindu, na 5 kati yao walifariki. Wengi waliambukizwa kupitia vidonda. Kwetu Tanzania upo ugonjwa mwingine wa kuogopwa: homa ya mgunda, iliyoua watu 3 kati ya 20 waliougua huko Ruangwa, Lindi, mwaka 2022. Vijidudu vyake hutoka katika mkojo wa panya na wanyama wengine, huelea majini, hupenya kwenye mchubuko mdogo tu, na dalili huweza kuchelewa hata wiki mbili. Kufikia hapo mfungwa amekwisha kuhamishwa, na daktari wa huko hajui kama aliwahi kusimama majini.

Hata hivyo, naona hatari kubwa zaidi ni dozi zinazokatika. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza akikosa insulini siku moja au mbili, damu yake huanza kujaa asidi, naye huweza kufa. Chupa iliyofunguliwa hustahimili joto la kawaida la chumba kwa wiki nne hivi, kwa hiyo kuzimika kwa friji si mwisho wa dunia. Balaa ni chupa kuzama au kufungiwa zahanati isiyofikika. Mwenye kifafa akikatiwa dawa ghafla huweza kuanguka mfululizo. Anayetumia dawa za kufubaza VVU akiziacha, virusi huibuka tena ndani ya wiki chache. Kifua kikuu kikitibiwa kwa kurukaruka hufuga usugu, na usugu huo haubaki nyuma ya ukuta: askari magereza hurudi nyumbani kila jioni. Tena baadhi ya dawa za maradhi ya akili huuzuia mwili kutoa jasho sawasawa, jambo la hatari katika selo isiyo na umeme wala upepo.

Kanuni za Nelson Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinataka mfungwa atibiwe kwa kiwango kile kile cha raia, na matibabu yake yasikatizwe. Lakini jalada la matibabu lililolowa halisomeki. Maiduguri, Nigeria, Septemba 2024, bwawa la Alau lilipopasuka na kuta za gereza kuanguka, habari iliyoenea ni ya wafungwa 281 waliotoroka. Dozi za waliobaki hazikupata kichwa cha habari.

Waheshimiwa majaji na mahakimu mnaokagua magereza: mkifika zahanati, pimeni friji ya dawa iko kimo gani kutoka sakafuni. Kisha muulizeni mganga, maji yakija usiku, nani ana ufunguo wa chumba cha dawa.