Nyumba Isiyokwisha Kujengwa

Ukifika kijijini wilayani Nachingwea, kusini mwa Tanzania, mwezi wa Septemba, harufu ya kwanza kukupokea ni ya udongo uliolowa. Mvua bado iko mbali. Ufuta umeshauzwa, mbaazi zimeshaingia ndani, mikorosho imeanza kudondosha mabibo. Nyuma ya nyumba pamechimbwa shimo, na ndani yake kina mama watatu wamepandisha khanga hadi magotini, wanakanyaga tope kwa mwendo mmoja kama watu wanaotwanga katika kinu kimoja. Mabinti wanaleta maji kutoka kisimani, ndoo kichwani. Ni wakati wa kukandika.

Udongo wa kukandikia hauchotwi popote tu. Unaosifiwa zaidi ni wa kichuguu, maana mchwa wameshausaga na kuunatisha kabla binadamu hajaugusa. Hutiwa nyasi zilizokatwakatwa ili ukuta usipasuke unapokauka, kisha hukanyagwa mpaka mguu ukitoka unatoka na sauti. Hapo ndipo kazi ya mikono huanza. Mama mmoja husimama ndani ya nyumba, mwingine nje, na katikati yao ni ukuta wa fito mtupu, kama tenga kubwa. Kila mmoja hubamiza donge upande wake, kwa nguvu, mpaka tope la ndani likutane na la nje kati ya fito. Wanapoanza wanaonana vizuri na mazungumzo yanakwenda. Kadiri madonge yanavyopanda, uso wa mwenzako unapungua: yanabaki macho, linabaki paji la uso, halafu inabaki sauti peke yake. Nimesimama kuiangalia kazi hiyo mara nyingi tangu utotoni na sijaichoka. Ukuta ukikauka, alama za vidole hubaki, na wenyewe huweza kukuambia hapa palikandikwa na fulani.

Mifupa ya nyumba ni kazi ya wanaume, nayo huanza mapema zaidi, mara tu kiangazi kinaposhika. Nguzo hutafutwa porini kwenye miti ambayo mchwa hawaiwezi, na kwa huku mpingo ndio mfalme: kiini chake cheusi kikishachimbiwa ardhini, nyumba inaweza kuzeeka na kuanguka nguzo ikabaki imesimama. Fito ni mianzi, hupasuliwa na kufungwa kwa kamba za magome ya myombo. Kamba hizo hufungwa zikiwa mbichi, na zikikauka hukaza zaidi. Juu unawekwa mwamba, kutoka kwenye mwamba yanashuka makombamoyo, na mwisho zinakuja nyasi, zilizokatwa zikiwa zimekomaa na kabla moto wa porini haujazipitia.

Kwa Wamwera, ambao ndio wenyeji wakubwa wa wilaya za Ruangwa na Nachingwea, kazi hii ilikuwa na uzito mwingine. Ukoo wao hufuata upande wa mama, na desturi ya zamani ilimtaka kijana aliyeoa ahamie kwa wakwe zake na kujenga huko. Nyumba ya kwanza ya mwanamume ilikuwa mtihani wake. Babu mmoja aliwahi kunisimulia jinsi mama mkwe wake alivyokuja kuikagua. Hakusema neno, maana mkwe na mama mkwe hupeana heshima kwa kukwepana. Alipita tu, akashika nguzo ya pembeni, akaitikisa, akaendelea na safari yake. Babu anasema usiku ule hakulala. Kesho yake aliletewa ugali na mboga iliyoungwa vizuri, akajua nguzo haikutikisika.

Nadhani ndiyo maana naumia ninaposikia nyumba hizi zikiitwa za umaskini. Aliyeitwa kukandika kwako leo, kesho utakwenda kwake, na asiyekwenda kwa mwenzake hukuta shimo lake la tope halina watu. Hata asiyesemezana na jirani yake atamsogelea ikifika Septemba. Nyumba ya matofali ya simenti ukishaimaliza umeimaliza. Fundi analipwa, anaondoka na mwiko wake. Ya udongo haimalizwi. Kila masika huila kidogo na kila kiangazi hurudishiwa, na kwa kurudishiwa huko wake, mashemeji na wajukuu hukutana.

Ziko na nyumba zilizojengwa ili ziteketezwe. Kumbi za jando zilijengwa porini kwa miti na nyasi, mbali na macho ya wasiohusika, na vijana walikaa humo wakifundishwa. Siku ya kutoka, kumbi ilitiwa moto, na vijana wakaenda nyumbani bila kugeuka nyuma. Katika nchi ambayo nyumba hutoka porini na kurudi porini, moto ule haukuwa hasara kwa mtu yeyote.

Serikali mbalimbali zimepita juu ya ardhi hii na mipango yake. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi mkubwa wa karanga, na Nachingwea ikawa mojawapo ya maeneo yake matatu pamoja na Kongwa na Urambo. Yalikuja matrekta, reli ikajengwa kutoka pwani, na mwaka 1951 mradi ukafutwa. Baadaye reli nayo ikang'olewa. Kisha ikaja miaka ya 1970 na Operesheni Vijiji. Watu walihamishwa kutoka kwenye makazi yao yaliyotawanyika na kupangwa kwenye mistari kandokando ya barabara. Waliweza kuanza upya kwa haraka kwa sababu walijua kujenga kwa kilichopo: udongo uko chini ya miguu, mianzi iko bondeni.

Sasa kinachobadilisha sura ya vijiji ni fedha za ufuta na korosho. Mnada ukienda vizuri, utaona bati zikishushwa kwenye malori kabla watoto hawajanunuliwa nguo. Siwalaumu. Nyasi zinaoza, zinahitaji kubadilishwa kila baada ya miaka michache, zinaficha nyoka, na cheche moja ya jikoni inaweza kumaliza ukoo mzima. Bati linakinga maji ya mvua, na kwa mwanamke anayetembea kilomita kadhaa kufuata kisima hilo si jambo dogo. Ila bati limekuja na tatizo ambalo mafundi wengi hawalisemi. Paa la nyasi lilishuka chini, mpaka mgeni akainama kuingia barazani, na ukingo wake mpana ndio uliokuwa mwavuli wa ukuta. Bati ni ghali, hivyo hukatwa fupi. Mvua inapiga ukuta wa udongo moja kwa moja, ukuta unalika chini, nyumba inaanguka, na lawama unabebeshwa udongo. Mchana wa Oktoba, ndani ya nyumba ya bati isiyo na dari hakukaliki. Ndani ya ile ya nyasi mtoto mchanga analala mpaka alasiri.

Tanuru za matofali ya kuchoma nazo zinameza magogo. Myombo uliokuwa ukitoa kamba leo unaingia tanuruni mzima mzima, na mtu aliyekataa nyumba ya miti amekata miti mingi kuliko baba yake.

Wenzetu wa mbali wamepita njia hii. Huko Iceland, ambako mbao zilikuwa adimu, watu waliishi kwa karne nyingi katika nyumba za udongo wenye majani na mizizi yake, uliokatwa vipande kama matofali na kupangwa kuwa kuta. Karne ya 20 walizihama. Nyumba ya shamba la Glaumbær ilikaliwa hadi mwaka 1947, mwaka uleule wa karanga zetu, na sasa ni makumbusho. Nafurahi kwamba imehifadhiwa. Lakini ukuta wa namna hii unataka watu wanaoishi ndani yake, na mimi nisingependa mjukuu wangu aje kuuona mkono wa bibi yake kwa kukata tiketi.

Bibi yangu alifariki akiwa na nyumba yake ya udongo, na hakuna aliyebaki wa kuikandika. Masika ya kwanza ukuta wa magharibi ulilala. Masika ya pili paa lilikaa chini. Leo ni mahame: kimebaki kichuguu kidogo chekundu chini ya mwembe, mafiga matatu meusi na nguzo moja ya mpingo. Shangazi amepanda maboga juu ya kichuguu hicho, kwa sababu anasema hakuna udongo mwingine shambani unaoyazaa makubwa kama huo.