Kupwa kwa Bei: Namna ya Kuzisoma Dalili za Hisa Inayoshuka

Mwaka 1901 Charles Dow, mmoja wa waasisi wa gazeti la The Wall Street Journal la New York, aliwaeleza wasomaji wake mwendo wa soko la hisa kwa mfano ambao mtu wa pwani hahitaji kufasiriwa: anayetaka kujua maji yatajaa hadi wapi huchomeka kijiti mchangani pale wimbi lilipokoma, akakisogeza kila kipitwapo, mpaka ifike saa ambayo mawimbi hayakifikii tena, ndipo atambuapo kuwa maji yameanza kupwa. Dalili zote zilizobuniwa baadaye, ijapokuwa zimevikwa hesabu, asili yake ni kijiti kile. Na aghalabu watu hupoteza mali kwa kuzidai zitabiri ya kesho, ilhali kazi yake ni kuyashuhudia yaliyokwisha kupita.

Tuitazame hisa ya Safaricom katika Soko la Hisa la Nairobi, ambayo umma uliuziwa kwa shilingi 5 mwaka 2008, ikapita shilingi 40 mwaka 2021, kisha ikateremka hata ikaumaliza mwaka 2023 chini ya shilingi 15. Njiani bei iliinuka mara nyingi, na kila ilipoinuka ilimtia tamaa aliyengoja kununua. Lakini hiyo ndiyo sura ya mteremko, kwamba kila kilele kipya hukomea chini ya kilichotangulia, na kila bonde huzama chini ya bonde la kabla yake.

Kijiti cha kwanza ni wastani wa bei. Hujumlishwa bei za kufungia soko za siku 50 zilizopita, jumla ikagawanywa kwa 50, na kesho yake bei mpya huingia, ile kongwe ikatoka. Na hufanywa vivyo hivyo kwa siku 200. Maadamu bei i chini ya wastani hizo mbili, na ule wa siku 50 u chini ya ule wa siku 200, mnunuzi anaogelea kinyume cha mkondo.

Cha pili ni kipimo cha nguvu ya bei, RSI, alichokitangaza mhandisi wa Marekani J. Welles Wilder mwaka 1978. Tuseme katika siku 14 wastani wa kupanda ni senti 20 kwa siku, na wa kushuka ni senti 60: gawa 20 kwa 60 upate thuluthi, ongeza 1, kisha gawa 100 kwa jumla hiyo upate 75, toa 75 katika 100, itabaki 25. Kipimo kikiwa chini ya 30, wauzaji wamepita kiasi.

Hapa ndipo wengi waponzwapo, kwani wakiiona 25 hudhani hisa imekuwa rahisi, ilhali hesabu ile haina habari ya faida wala madeni ya kampuni, na katika mteremko mrefu yaweza kukaa chini majuma mengi, bei ikizidi kuporomoka. Dalili yenye uzito zaidi ni bei kuzama katika bonde jipya, na kipimo kisizame nayo. Maana yake wauzaji wameanza kuchoka.

Hata hivyo shahidi mmoja hatoshi. Itazamwe pia idadi ya hisa zilizouzwa, kwa kuwa bei iliyoinuliwa na wanunuzi wachache hurudi chini upesi. Na zisomwe hesabu za kampuni yenyewe. Ikiwa mashahidi hawa hawajapatana, mwenye kiinua mgongo chake mkononi asione haya kungoja, hata akikosa shilingi mbili tatu za mwanzo wa kupanda, kwa kuwa kijiti huonyesha tu maji yalipofika, wala hakina uwezo wa kuyarudisha.